Kelele za Viziwi Saba

Kwa miaka sita nchi nzima ilimjua mtu huyu kuanzia utosini hadi kifuani, na hakuna aliyewahi kusikia sauti yake. Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama kwenye televisheni, yule anayewekwa kwenye kidirisha kidogo pembeni mwa skrini, mikono ikipanda na kushuka wakati wakubwa wakizungumza. Watoto wa mtaani kwake walimwita Kidirisha, jina likamganda, hata mwenye nyumba akaliandika kwenye mkataba wa pango.

Mwanzoni kidirisha chenyewe kilikuwa cha heshima. Lakini kila mwaka kilikatwa kidogo kupisha matangazo ya magodoro, hadi ikawa akishusha mikono inatokomea chini ya fremu, na habari inatokomea nayo. Viziwi waliandika barua kulalamika kwamba waziri wa afya siku hizi anaishia katikati ya sentensi. Kituo kiliwajibu kwa adabu zote kwamba kilio chao kimesikika.

Kazi ilikuwa na masharti yake. Shati jeusi la mikono mirefu, bila saa, bila pete, kucha fupi, na nyuma yake kitambaa cha kijani. Usiongeze neno, usipunguze neno, na maoni yako yaache nyumbani pamoja na ndala. Tena mkalimani hasemi "waziri anasema." Husema "mimi," kwa sababu kwa muda ule amemwazima mwenye maneno mwili wake. Waziri akisema "mimi nawapenda wananchi," Kidirisha naye huwapenda kwa mikono miwili bila kukunja uso. Katika taarifa moja ya habari aliwahi kuwa jaji, mwizi wa mitungi ya gesi, nabii na golikipa, kisha akarudi nyumbani akafua soksi.

Kutoongeza hakukumpa shida. Kutopunguza ndiko kulikomshinda tangu utotoni, na wa kwanza kupunguzwa alikuwa mama yake.

Mama alizaliwa kiziwi. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda cha mbao karibu na stendi ya mabasi, mwanamke mfupi mwenye pini mbili tatu zimechomekwa kwenye kola kila wakati, na asiyemwogopa mtu. Baba aliondoka mapema, na kwa kuwa hakuacha anwani, nasi hatutamtafuta. Mtoto akabaki kuwa sikio na mdomo wa nyumba. Kabla hajang'oka meno ya utoto alikuwa ameshabishana na daktari, karani wa maji, na wateja waliodai sketi zimepungua wakati ni wao walionenepa.

Alipokuwa na miaka minane, mwalimu mkuu alimwita mama shuleni. Akasema mtoto huyu ni mzito wa kichwa, arudie darasa. Mama alipotafsiriwa, alijibu kwa mikono iliyojaa: mwambie mwanangu si mzito, amefanya kazi ya watu wawili kabla hajafika hapa asubuhi, na yeye mwalimu amezoea kupiga kelele badala ya kufundisha. Kidirisha akamgeukia mwalimu mkuu na kusema, "Mama anasema ahsante." Mwalimu akatabasamu. Mama akalitazama lile tabasamu, akamtazama mwanawe, akajua. Maneno aliyoyatoa hayakuwa ya kumfanya mtu atabasamu.

Ndipo akampa jina. Viziwi hawaitani kwa majina ya kwenye vyeti, hiyo ni kazi ya makarani. Jina la alama unapewa na wenzako, kwa jambo walilokuona nalo, na ukishapewa halina rufaa. Si tusi, ingawa ukilitafsiri linaweza kufanana na tusi kama mtu na pacha wake. Kidirisha alipewa Mkasi: vidole viwili vinavyofunguka na kufunga, kwa sababu anakata maneno ya watu. Miaka ishirini na tisa ilikuwa imepita, na kila mama alipomwita kuja kula, alimkumbusha.

Wakubwa nao walikuwa na majina yao. Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye tumbo lake lilikuwa limeushinda mkanda, aliitwa Pandisha-Suruali. Msemaji wa upinzani, asiyeweza kufungua ukurasa bila kulowesha kidole, aliitwa Lamba-Kidole. Kwenye televisheni Kidirisha hakuthubutu. Aliyaandika majina yao hewani kwa vidole, herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, na viziwi majumbani wakashika mbavu. Mtu anahangaika nusu dakika kumtaja jamaa ambaye mkanda tu ungetosha.

Serikali iliyokuwepo wakati huo ilikuwa ya wahafidhina. Waliingia kwa ahadi ya kurudisha maadili, ingawa hakuna aliyewaeleza wananchi maadili yalikuwa yamekwenda wapi na yalipanda gari gani. Wakatunga Sheria ya Utulivu: watu zaidi ya kumi wasikusanyike hadharani bila kibali, na mtu asipige kelele za kukera umma. Walioipenda walisema sasa watu watalala. Walioichukia walisema ndiyo shabaha yake.

Viziwi wa mji ule walikuwa na kawaida yao. Kila Jumamosi alasiri walikutana mbele ya duka la fundi viatu, kiziwi mwenzao, pale ambapo njia ya waenda kwa miguu ni pana. Na viziwi wengi wakizungumza husimama duara, maana usiyemwona hujamsikia. Siku hiyo duara lilikuwa la watu kumi na wanne. Mmoja alikuwa anasimulia jinsi shemeji yake alivyouziwa friji lisilo na mota, mikono inaruka, na wengine wanacheka kwa zile sauti zao nzito wasizozisikia wenyewe. Doria ya polisi ikapita, ikaona mikono hewani, ikajua hapa watu wanapigana. Wakakamata saba, mama na fundi viatu wakiwemo. Kwa nini saba? Kwa sababu gari lilikuwa na nafasi ya saba.

Wakawafunga pingu. Hapa hakuna utani wa kuweka, na anayeutaka autafute mwenyewe. Pingu kwa mtu mwingine ni pingu. Kwa kiziwi ni kitambaa kilichosokomezwa mdomoni. Mama alikaa nazo tangu alasiri ile hadi asubuhi, mwanamke wa miaka sitini na miwili, na Kidirisha alipoziona alama kwenye vifundo vya mikono yake alitoka nje ya kituo cha polisi akapiga teke ukuta hadi akachechemea.

Mashtaka yaliandikwa kwa mwandiko mzuri: kukusanyika bila kibali, na kupiga kelele. Wenzake sita walipewa onyo wakaachiwa. Mama alitoka kwa dhamana tu, kesi ikabaki, kwa sababu alikuwa amekiri. Alikirije? Koplo alimuuliza jambo huku ameinamia karatasi zake. Mama, aliyelelewa vizuri, akainamisha kichwa kumsalimia. Koplo akaandika kwamba mshitakiwa amekubali makosa yote.

Kesi ikaenda mahakamani mara mbili, na mara mbili ikaahirishwa kwa kukosa mkalimani. Kidirisha alijitolea, hakimu akamkatalia: sheria haimruhusu mtu kumtafsiria mama yake kizimbani, na haki ya Mungu, sheria hapo haikukosea. Mara ya pili hakimu akasema basi, Jumatatu ijayo kesi itasikilizwa, mkalimani awepo asiwepo. Asipokuwepo, karani wa mahakama atatumia ishara za kawaida. Karani akajaribu pale pale. Akajigusa kifua, akanyoosha kidole juu, akapangua hewa kama anayefukuza kuku jikoni. Mama akamuuliza mwanawe kama yule kaka anaumwa.

Hilo ndilo lililokuwa mbele yao: karatasi inayosema amekiri, na karani anayefukuza kuku. Wakili wa kujitolea alisema kwa mwendo huo ni gerezani, mwezi mmoja, pengine mitatu.

Jumapili, siku moja kabla ya kesi, kituo cha televisheni kiliandaa mjadala wa moja kwa moja, saa tisa alasiri. Mada: miaka mitano ya serikali na haki za raia. Upande mmoja Waziri, upande wa pili msemaji wa upinzani, katikati mwendesha mjadala mwenye meno mengi, na kwenye kona, mbele ya kitambaa chake cha kijani, Kidirisha. Asubuhi alikuwa amemwomba mama abaki nyumbani aangalie kwenye runinga, wasije wakaiharibu kesi. Mama aliinamisha kichwa. Koplo angeandika kwamba amekubali.

Kwenye chumba cha kupakwa poda, Waziri alimkuta Kidirisha, akamshika bega na kumtamkia polepole, kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, akitaka kujua anaendeleaje. Miaka sita wanapishana kwenye korido zile, na Waziri aliamini kwamba mkalimani wa viziwi lazima naye ni kiziwi. Kidirisha akainua dole gumba. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Nyuma yake akaja mtayarishaji wa kipindi, dada mwenye simu mbili na hasira moja kubwa, akamwambia leo mambo ni moto, yeye akae kama ukuta.

Taa zilipowaka aliwatazama watu walioalikwa. Upande wa kushoto walikaa wafuasi wa serikali, wamevaa fulana mpya ambazo bado zina mikunjo ya kwenye boksi. Upande wa kulia walikaa wafuasi wa upinzani wenye kofia nyekundu. Na safu ya tatu, kati ya fundi viatu na wenzake watano, alikaa mama. Upinzani uliwaleta wote saba kwa basi dogo na kuwavalisha kofia mlangoni. Yake mama alikuwa ameikalia.

Mjadala ukaanza kwa vitabu. Waziri alikuja na kijitabu cha karatasi ya kung'aa kinachoorodhesha haki arobaini na tatu zilizoimarishwa. Msemaji alikuja na chake, chenye jalada la picha ya pingu, kinachoorodhesha haki sitini na moja zilizovunjwa. Wakavutana. Waziri akasema haki ya kwanza ya raia ni kulala kwa amani, na leo wazazi wanalala. Msemaji akalamba kidole, akafungua ukurasa, akasema wanalala kwa sababu wakiamka watakamatwa. Waziri akapandisha suruali. Wote wawili walikuwa na Kidirisha kwenye orodha zao: kwa Waziri, ukurasa wa themanini na nane, "Mkalimani wa televisheni: mmoja", kwa msemaji, kidirisha kilichopunguzwa kilikuwa uvunjaji nambari hamsini na nne. Kidirisha alitafsiri yote mawili, akiwa yeye ndiye mafanikio na yeye ndiye uvunjaji.

Tena wakati Waziri anamwonyesha kwa kidole na kusema "sisi ndio tuliomweka pale," mikono ya Kidirisha ilitamka vilevile, sisi ndio tuliomweka pale. Ukweli ni kwamba mama na fundi viatu walizunguka na karatasi ya sahihi kwa miaka mitatu, mlango kwa mlango, hadi kituo kikachoka kuwaona. Lakini mkalimani haongezi.

Ndipo msemaji akafika kwenye viziwi saba, akazitaja pingu, na Waziri akamkatiza.

"Acheni uongo," akasema. "Wale saba, kila mmoja alikuwa na mkalimani wa serikali pale kituoni. Kila mmoja. Na kesho mahakamani pia atakuwepo."

Kidirisha akatafsiri. Kila mmoja alikuwa na mkalimani. Mikono yake mwenyewe ilisema hivyo, mbele ya mama yake aliyekuwa safu ya tatu na alama za pingu bado hazijamtoka, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akaona aibu ya mikono. Mama hakukasirika. Alimtazama kama anavyotazama mshono unaoelekea kupinda.

"Wenyewe wapo hapa!" msemaji akadakia, akawapungia mkono bila kuwauliza. "Waathirika wa utawala huu, watazameni!"

Kamera zikageuka kuwatazama, kwa sababu ndicho walichoalikwa kwa ajili yake, kutazamwa. Mwendesha mjadala, aliyekuwa akiomba kitu kitokee tangu asubuhi, akauliza kama yupo kati yao mwenye neno. Mama alikuwa ameshasimama.

Hapo watu wakagundua kwamba hawakujiandaa. Nani atatafsiri? Studio nzima ikageukia kona. Fundi sauti akamletea Kidirisha kipaza sauti, na kwa kuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita, akamwonyesha mdomo kwa kidole na kukunja nyusi, kumuuliza kama unafanya kazi.

"Unafanya," Kidirisha akasema. Fundi sauti nusura akidondoshe.

Akawaambia watu kwanza kwamba yule ni mama yake, wajue. Mwendesha mjadala akasema ndiyo vizuri zaidi. Mtayarishaji alikuwa nyuma ya kioo, anazungumza na simu zote mbili. Mama akanyanyua mikono, na Kidirisha akaanza kusema, na kama kanuni inavyotaka, akasema "mimi."

"Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona miaka arobaini na mmoja. Nina jibu kwa nyinyi wote wawili. Nianze na wewe…"

Hapo akakwama, kwa sababu mama alikuwa amemtaja Waziri, na hakumtaja kwa herufi. Alishika mkanda wa hewani na kuupandisha. Kidirisha aliliona neno linakuja. Akauona mkataba wake wa kazi, akamwona hakimu wa kesho akiwa mbele ya televisheni, akajiona ana miaka minane mbele ya mwalimu mkuu. Neno la adabu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: "Mheshimiwa." Moja tu, na hakuna ambaye angejua.

Mama akasimamisha mikono. Alisubiri. Kisha, mbele ya kamera tatu, akainua vidole viwili akavifungua na kuvifunga. Katika studio nzima walioelewa walikuwa sita wa safu ya tatu na yule aliyeitwa.

"Nianze na wewe, Pandisha-Suruali," Kidirisha akasema.

Kicheko kilianzia kwenye kofia nyekundu, lakini kilivuka upande wa pili haraka, kwa sababu wakati ule ule Waziri, kwa mazoea ya mwili, alikuwa ameshika mkanda. Alipogundua mikono ilipo aliiachia kama ameshika pasi. Mama hakungoja wamalize kucheka, kwa kuwa hakuwasikia.

"Umesema nilikuwa na mkalimani pale polisi. Aliyekuwepo ni koplo na tochi. Nilimsalimia kwa kichwa, akaandika nimekiri. Mikono yangu ilikuwa kwenye pingu usiku mzima. Nilitaka kuomba maji, nikashindwa. Nilitaka kwenda chooni, nikashindwa kusema. Nina umri wa kukuzaa, na nilijilowesha."

Hapo sauti ya Kidirisha ilikatika. Hilo la mwisho mama hakuwa amemwambia. Alilijua sasa, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya nchi. Akarudia sentensi, kwa sababu haikutoka vizuri, na ilikuwa haki yake mama itoke vizuri.

"Na wewe, Lamba-Kidole. Usicheke. Umenivalisha kofia mlangoni bila kuniuliza. Chama chako kilipokuwa serikalini kiliifunga shule yetu ya viziwi, mkaifanya ghala la viti vya mikutano. Nimesoma pale. Viti vyenu vipo darasani kwangu hadi leo. Nyinyi wawili mnavuta haki zangu kama wateja wawili waliogombania kitambaa dukani kwangu. Kilichanika, na hakuna aliyepata gauni. Sikuja kusifiwa, sikuja kuonewa huruma. Kesho saa tatu asubuhi nataka mbele yangu mahakamani asimame mtu mmoja anayejua ninasema nini. Huyu hapa ni mwanangu, sheria inamkataza. Sawa. Leteni mwingine. Na kama hayupo, msiseme yupo."

Mama akageuka kutoka kwa wakubwa, akamtazama wa kwenye kona, na mikono yake ikawa midogo, ya nyumbani. Kanuni ni kanuni, Kidirisha akatafsiri na hilo.

"Mwanangu, umesema yote?"

Akasikia sauti yake mwenyewe ikimuuliza. Akaweka kipaza sauti chini, akamjibu kwa mikono, na hakumtafsiria mtu: yote, Mama.

Jumatatu saa mbili na nusu Kidirisha alipata barua. Kidirisha cha lugha ya alama kimesitishwa kwa marekebisho ya kiufundi. Jioni yake nafasi ile ilipewa godoro, na godoro halikupunguzwa hata kidogo. Kwenye toleo jipya la kijitabu cha karatasi ya kung'aa, ukurasa wa themanini na nane, bado walimwacha: mkalimani wa televisheni, mmoja.

Lakini saa tatu asubuhi mahakamani alikuwepo mtu. Wizara ilikuwa imemtafuta Jumapili nzima iliyobaki, ikampata binti wa mwaka wa pili wa mafunzo, amevaa suti ya kuazima, na barua yenye mihuri mitatu. Alijua herufi zote na maneno ya kutosha kununua nyanya. Mama akamwonea huruma. Akazungumza naye polepole, akamrudia, akamsahihisha vidole, akamfundisha neno "koplo" na neno "pingu," na shauri la nusu saa likachukua saa tatu na robo. Kidirisha alikaa benchi la nyuma ameikalia mikono yake, ili isije ikasaidia.

Likaja swali la kukiri, hakimu akaona kukiri kwenyewe kulikuwa salamu tu, akaifuta ile karatasi. Ikabaki kelele. Hakimu akamuuliza koplo alisikia nini hasa siku ile.

"Mheshimiwa, sikusikia kitu," koplo akasema, amekakamaa. "Niliona kelele."

Hakimu akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akamtazama tena koplo kama huenda atabadilika. Hakubadilika. Akaifuta kesi yote.

Baada ya wiki mbili, ukuta unaotazamana na kibanda cha mama ulibandikwa mabango. La serikali lilikuwa na sura ya mama na maneno TUNASIKILIZA. La upinzani lilikuwa na sura ya mama na maneno TULIMPIGANIA. Picha ilikuwa moja, ile ya televisheni, na pande zote mbili, bila kushauriana, ziliikata pale pale kifuani. Mikono haikuwemo. Kidirisha alichemka, akataka kuandika barua kwa vyama vyote viwili siku ile ile. Mama aliyatazama mabango kwa jicho la fundi, akasema wamekata vibaya, wamebakiza kola na kutupa nguo. Kisha akayabandua kabla gundi haijakauka, akayaanika kichwa chini, na kwa miezi kadhaa akayatumia kukatia vipimo vya blauzi. Karatasi ilikuwa nzuri. Vyama havibani matumizi wakati wa mabango.

Jumamosi duara likarudi mbele ya duka la fundi viatu. Kwa kuheshimu Sheria ya Utulivu walisimama kumi, na wengine wanne wakawa wapita njia waliosimama kutazama. Kidirisha alifika akiwa amechelewa. Sasa alikuwa anamfundisha yule binti wa suti ya kuazima, pamoja na makoplo watatu walioletwa kwa amri, ambao neno walilolitaka kwanza lilikuwa "choo," na hilo alilifurahia kuliko mshahara wa kituo.

Mama alimwona toka ng'ambo ya barabara. Akanyanyua mkono kumwita, vidole viwili vimefunguka. Akavishikilia hivyo hivyo, wazi, bila kuvifunga. Fundi viatu akamuuliza kama vidole vinamuuma. Mama akamjibu kwamba vidole havina neno, jina ndilo limebadilika. Akamwita tena, vidole wazi, na duara zima, pamoja na wale wapita njia wanne, likaliiga. Kidirisha alishindwa kuitika, kwa sababu mikono yote miwili alikuwa anafutia machozi.